Kuiteremsha Chumvi

Nyumba nyingi za pwani yetu zina kisima, na visima vingi vya pwani vina chumvi. Mpangaji mpya hulijua hilo siku ya kwanza ya kuoga, sabuni inapokataa kutoa povu. Maji ya kunywa na kupikia yatanunuliwa kwa madumu au kuletwa na boza. Ya kisima yataachiwa choo, deki na bustani. Hapo kwenye bustani ndipo anapoingia mtu ambaye kazi yake napenda kuitazama kuliko kazi nyingi zinazosifiwa magazetini: mtunza nyasi, anayekuza nyasi nzito, za kijani, laini chini ya unyayo, kwa maji ambayo mimi na wewe tungeyatema.

Ukiwauliza watu siri yake, watakuambia ni aina ya nyasi. Wana sehemu ya ukweli, na nyasi zenyewe nitazifikia. Lakini pita Nyali, Mtwapa, Mikocheni au Mbezi Beach, uchungulie mageti yanapofunguliwa. Utaona viwanja viwili vinavyopakana, nyasi za muuzaji mmoja, maji ya tabaka moja la ardhi. Kimoja nyasi zimeshonana, kingine kina vipara vyenye unga mweupe. Aina ya nyasi haiwezi kueleza tofauti hiyo. Inaelezwa na aliyeshika mpira wa maji.

Tupige hesabu kidogo, maana bila hesabu ufundi wake hauonekani. Chukua maji ya kisima yenye gramu 2.5 za chumvi katika kila lita. Si makali sana. Bahari yenyewe ina gramu 35 hivi. Bustani iwe ya mita 10 kwa 20. Ukiimwagilia kina cha milimita 10, umemwaga lita 2,000, na ndani yake kilo 5 za chumvi. Fanya hivyo mara tatu kwa wiki kwa wiki 12 za kaskazi, jua kali na mvua haba, na bustani itakuwa imepokea kilo 180. Hayo ni magunia matatu na nusu ya kilo 50, na zaidi kidogo, wala hakuna aliyeona hata gunia moja likipita getini.

Maji yenyewe huondoka. Mizizi inayanywa, majani yanayatoa hewani, upepo unayakausha yaliyobaki. Chumvi haipai. Kiasi kidogo huingia kwenye majani na kuondoka na nyasi zinazokatwa; iliyobaki inakaa udongoni ikingoja mwagilio unaofuata. Ikizidi, inaanza kuyazuia maji yasiende mizizini. Ukichomeka kidole unahisi unyevu, na bado nyasi zinanyauka kwa kiu. Mwenye nyumba akiona hivyo, mara nyingi anaagiza dawa ya wadudu.

Kwa hiyo mtunza nyasi wa pwani, apende asipende, ni msimamizi wa chumvi. Hana uwezo wa kuizuia isiingie, kwa kuwa maji ndiyo hayo hayo. Anachoweza ni kuifanya isikae. Lazima ishuke, ipite mizizi, iende chini ambako haimdhuru mtu.

Hapa ndipo ufundi wake unapopingana na mawazo ya wengi. Mtu akishajua kuwa maji yana chumvi, anaona busara ni kuyapunguza: anamwambia kijana anyunyizie kidogo kila jioni. Maji hayo yanazama kina cha kidole, kesho yake jua linayavuta juu, na chumvi inabaki pale pale mizizi ilipo. Baada ya wiki chache ule unga mweupe unatokea. Fundi hufanya kinyume kabisa. Anamwagilia mara chache, na siku akimwagilia, anamwagilia hasa, mpaka maji yaizidi haja ya nyasi na kuvuka mizizi. Ile ziada ndiyo kazi yenyewe. Nimewahi kumsikia mama mwenye nyumba akilalamika kuwa pampu itaungua kwa maji mengi hivyo. “Haya si ya nyasi, mama,” mzee anayemtunzia nyasi akamjibu bila kuinua kichwa. “Nyasi zimeshakunywa. Haya ni nauli ya chumvi.”

Wataalamu wa umwagiliaji wana kanuni ya kupiga hesabu ya nauli hiyo. Wanapima ukali wa chumvi kwa jinsi maji yanavyopitisha umeme, kwa kipimo kinachoitwa desisimensi kwa mita. Maji yakiwa na 4, na nyasi zikiweza kuvumilia 8 udongoni, kama sehemu moja kwa kumi ya maji yote yanayomwagwa inatakiwa ipite tu kwenda chini. Maji yakifika 8, sehemu hiyo inakuwa robo nzima. Kifaa cha kupimia siku hizi ni kidude cha kushika mkononi, kirefu kama kalamu, na baadhi ya watunza viwanja vya gofu hawatoki bila hicho mfukoni. Mzee niliyemtaja hana. Ana kipande cha nondo nyembamba, kama urefu wa mkono, kilichosagwa ncha.

Nondo hiyo inafaa kutazamwa kwa karibu. Baada ya kumwagilia anasubiri kidogo, kisha anaichoma ardhini kwa uzito wa kiganja tu, bila kuipiga. Udongo uliolowa unaipokea. Ikifika pakavu inagoma. Anaweka kidole gumba usawa wa ardhi, anaichomoa, anapima kwa macho kutoka ncha hadi kidole. Anafanya hivyo katikati ya kiwanja, karibu na ukuta, chini ya mwembe, kwenye kona ambako kila mara watoto wanacheza mpira. Kiwanja ambacho kwa macho yangu ni kimoja, kwa nondo yake ni vinne au vitano. Karibu na ukuta inazama mpaka mwisho, kwa kuwa mafundi ujenzi walifukia kifusi na mchanga. Penye mpira wa watoto inagoma baada ya kidole kimoja. Basi mpira wa maji haukai sawa kila mahali. Anausogeza kwa dakika, kwa kuangalia kivuli, na penye ugumu anatanguliza uma wa bustani, anaudidimiza kwa mguu, anautikisa mbele na nyuma, anauchomoa, anarudi nyuma hatua moja, anaudidimiza tena. Kazi hiyo inachosha kuitazama, licha ya kuifanya. Springla lingemwaga maji sawasawa kila mahali, na kwa kiwanja kama hiki kumwaga sawasawa ni kukosea.

Udongo ndio unaoamua jinsi safari ya kushuka itakavyokuwa. Mchanga mtupu ni rahisi: mvua kubwa moja inausafisha, ingawa hauhifadhi mbolea. Kwenye maweni, kule ambako jiwe la matumbawe liko chini ya udongo wa shibiri moja au pungufu, kila shimo lina tabia yake, na chokaa nyingi ya jiwe huyafunga madini ya chuma yasifike mizizini. Majani yanageuka manjano huku mishipa ikibaki kijani. Asiyejua humwaga yurea, nyasi zinarefuka zikiwa na manjano yao vile vile. Fundi hunyunyizia madini ya chuma juu ya jani, kidogo, na rangi inarudi ndani ya siku chache.

Mfinyanzi ndio unaotoa jasho. Sodiamu ya kwenye chumvi hujibandika kwenye chembe za mfinyanzi, inaifukuza kalsiamu iliyokuwa ikizishikamanisha, na chembe zinatawanyika na kuziba kila kitundu. Jambo la ajabu ni kwamba madhara hayo hujitokeza zaidi mvua inapokuja. Maji ya chumvi yenyewe bado huushika udongo kwa kiasi. Maji matamu ya mwanzo wa masika yakiukuta umejaa sodiamu, unalainika na kujifunga kama uliosiribwa, na dimbwi linakaa juu siku nzima. Dawa yake inajulikana: jasi, ile ile inayochimbwa Makanya, wilayani Same, na ambayo wengi tunaijua kwa sababu ya viwanda vya saruji. Kalsiamu ya jasi huing'oa sodiamu, kisha maji yanaisomba. Pasipo maji ya kuisomba, jasi ni vumbi jeupe lililoongezwa juu ya vumbi jeupe. Imwagwe kabla ya mvua, si baada.

Sasa nyasi. Ukoka, Cynodon dactylon, ndio mwenyeji anayeota hata kwenye ufa wa lami. Ana njia yake ya kupambana: kwenye majani yake kuna tezi ndogo mno zinazotema chumvi nje. Chukua jani la ukoka uliozoea maji ya kisima, asubuhi umande ukishakauka, uliinamishe juani. Unaweza kuona chembe zinazometa juu yake, na ulimi utakuthibitishia. Ndugu yake wa mbali anayeota ufukweni, juu kidogo ya alama ya maji kujaa, mwenye majani yaliyochongoka yanayochoma nyayo, Sporobolus virginicus, anafanya hivyo kwa wingi zaidi, lakini hakuna anayetamani kulalia hiyo. Tatizo la ukoka ni kivuli. Upande chini ya mwembe uone utakavyokonda.

Chini ya miembe na minazi mahali pake pana nyasi za Pemba, Stenotaphrum dimidiatum, zenye majani mapana, mafupi, na vikonyo vinene vilivyobanwa. Asili yake ni pwani za Bahari ya Hindi, kwa hiyo hapa ziko kwao: zinastahimili kivuli, zinastahimili rasharasha ya bahari, hazihitaji kukatwa kila wiki. Ajabu yangu ni kwamba matajiri wengi wanazidharau kwa kuwa jani lake si jembamba kama la kwenye televisheni. Mimi ningezipanda kesho.

Zile za kwenye televisheni, siku hizi, huenda ni paspalamu, Paspalum vaginatum. Huota zenyewe kwenye mabwawa ya chumvi nyuma ya mikoko katika pwani nyingi za joto duniani, na ni nyasi chache mno za bustani zinazoizidi kuvumilia chumvi. Baadhi ya aina zake zinastahimili maji yanayokaribia ukali wa bahari, ingawa hata hizo haziwezi kuishi hivyo milele bila nauli kulipwa. Kule Marekani, Ronny Duncan wa Chuo Kikuu cha Georgia, kwenye kituo cha Griffin, alianza mwaka 1993 kukusanya na kuchagua aina zake. Humo zilitoka Sea Isle 1 na Sea Isle 2000. Mwaka 2012 mashindano ya gofu ya PGA Championship yalichezwa kwenye paspalamu ya kisiwa cha Kiawah, South Carolina, yakiwa mashindano makubwa ya kwanza kuchezwa juu yake, na Rory McIlroy akashinda kwa tofauti ya mapigo manane. Kuna dhana miongoni mwa watafiti kwamba nyasi hizo zilifika pwani ile zikiwa matandiko ndani ya meli za watumwa kutoka Afrika, zikatupwa bandarini na kujiotea. Dhana tu, lakini siwezi tena kuutazama uwanja ule bila kuikumbuka.

Paspalamu hupandwa zaidi kwa vikonyo, na upandaji wake ndio sehemu ya kazi ninayoweza kuitazama asubuhi nzima. Mzee hununua gunia la vikonyo asubuhi na mapema, analiweka kivulini, analirashia maji. Hapandi kilichonyauka. Anakata kila kikonyo penye pingili kwa kucha ya kidole gumba, vifundo vitatu au vinne kila kipande. Kwenye mfereji wa kina kifupi anakilaza kwa mshazari, vifundo viwili chini ya udongo, kimoja nje kikipumua, kisha anakandamiza kwa kisigino, si kwa mkono. Nilidhani kisigino ni uvivu. Ni kwamba kifundo kisichogusana na udongo pande zote kitakauka kabla ya kutoa mzizi, na kisigino kinabana kuliko vidole. Kati ya kipande na kipande anaacha chini ya shibiri. Kumbe pia anapanda wakati mmoja tu wa mwaka, masika yanapoanza kutulia, kwa sababu hata nyasi iliyozaliwa kwenye chumvi ina utoto usioipenda chumvi. Ikishatoa mizizi ya kutosha, ndipo anaianzishia maji ya kisima, akichanganya kwanza.

Wiki za mwanzo ndago hutokea kabla ya nyasi kufunga. Ndago haing'olewi kwa kuvutwa; viazi vyake vimeunganishwa chini kwa uzi, na ukikata uzi umepanda vipya. Anavifuata kwa kisu kirefu mpaka kiazi cha mwisho. Magugu mengine ya majani mapana anayamaliza kwa dawa ambayo ningeicheka kama nisingeiona: chumvi ya mawe, chembe chache juu ya kila gugu. Paspalamu inaivumilia, gugu linakauka, kisha maji yanaiteremsha chumvi ile chini pamoja na wenzake. Kuna viwanja vya gofu duniani vilivyotumia maji ya bahari yenyewe kwa kazi hiyo hiyo.

Kuhusu kukata nitasema machache. Asikate zaidi ya theluthi ya urefu kwa mara moja, na wakati wa kaskazi aache nyasi ndefu kidogo ili zijitie kivuli zenyewe. Makali yawe makali kweli. Panga au mashine butu hurarua, ncha zinageuka nyeupe, na kila mraruko ni mlango wa maji kutoka. Mbolea ya kuku mbichi aiogope: nayo ina chumvi yake.

Kisima chenyewe kinahitaji akili. Pwani, maji matamu chini ya ardhi huelea juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi. Kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna karibu mita 40 zilizo chini yake. Hesabu hiyo ina upande wa kutisha: ukivuta kisima mpaka maji yake yashuke sentimita 10 na yakae hivyo, mpaka wa chumvi unaweza kupanda kama mita 4 kukufuata. Ndiyo maana mzee hapampu saa tatu mfululizo. Anapampu alfajiri, anaacha, anarudi. Na kila mwisho wa kaskazi, hasa siku za bamvua, anaonja maji kabla ya kuyamwaga. Anayasukutua, anayatema, anakunja uso au hakunji. Uso ukikunjika, siku hiyo nyasi zitasubiri.

Nina shaka zangu kuhusu bustani kubwa za nyasi kwenye miji ambako watu wanapanga foleni ya ndoo. Nyasi zilizokuzwa kwa maji ya bomba kule ambako mtaa wa nyuma haupati bomba haziniridhishi, hata zikiwa nzuri namna gani. Maskati na Dubai wamelitatua tatizo hilo kwa kiasi kwa kumwagilia bustani za barabarani kwa maji taka yaliyosafishwa, na baadhi ya waliohamia huko kutoka pwani yetu wanayajua mabomba hayo kwa mikono yao. Kwetu, maji ya kisima ambayo hakuna anayeweza kuyanywa yana udhuru bora kidogo, ilimradi pampu ya mmoja isivute chumvi mpaka kwenye kisima cha jirani.

Nguvu ya mwisho iko mikononi mwa mvua. Mombasa na Dar es Salaam hupata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, sehemu kubwa ikishuka katika masika, na miezi hiyo inaweza kufanya kwa bure kazi ya kuteremsha chumvi ambayo mwaka mzima ulikuwa ukiilipia umeme. Inaweza, kama ardhi imefunguliwa. Kwa hiyo Machi, mbingu zikiwa bado tupu, mzee anapita na uma wake kiwanja kizima, jasi imeshamwagwa, mchanga wa mto umesukumwa kwa reki kuingia kwenye matundu. Si mchanga wa ufukweni, ambao ni chumvi na makombe. Ndipo anapohangaika na jambo ambalo wenye nyumba hawalipendi: kona ya chini kabisa ya kiwanja. Nyumba mpya zimezungushiwa ukuta pande nne, na nje ya nyasi yote ni pevingi iliyobanana. Maji yanayoshuka hayana pa kutokea, yanapanda tena na chumvi yake. Mtu akimwita kuja kukagua kazi mpya, hamuulizi anataka nyasi gani wala ana bajeti ya kiasi gani. Anamuuliza mvua ikinyesha maji yanatokea wapi. Asipopata jibu, anaomba aje siku ya mvua asimame na mwavuli aone, na bei wataizungumza baada ya hapo.